Umebuni kitu kipya? Pata tarehe ya maombi kabla ya kukipeleka Nane Nane

Kila mwaka inapokaribia tarehe 8 Agosti, viwanja vya Nyamhongolo wilayani Ilemela hujaa watu kutoka pande mbalimbali za Kanda ya Ziwa. Wapo wakulima, wafugaji, wavuvi na mafundi. Utaona mashine za kupukuchua mahindi, majiko banifu, vikausha dagaa na vifaa vya umwagiliaji. Mwenye kibanda hueleza kwa furaha jinsi kifaa chake kinavyofanya kazi, wageni hupiga picha kwa simu, na jioni picha hizo zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Kwa biashara, hiyo ni siku njema. Lakini kwa mtu aliyevumbua kitu kipya na hajapeleka maombi ya kukilinda, siku hiyo hiyo anaweza kupoteza haki yake bila kujua. Makala hii inaeleza kwa nini iko hivyo, miliki ubunifu ni nini, na ni mambo gani mapya ambayo mkulima, fundi au mganga wa tiba asili anapaswa kuyafahamu.

Hataza ni nini?

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi na serikali kwa muda maalumu, ili mtu mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze uvumbuzi wake bila ruhusa. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, na ofisi inayopokea maombi ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA.

Haki hiyo haitolewi bure. Ni mapatano kati ya mvumbuzi na jamii. Mvumbuzi anaeleza kwa maandishi na michoro jinsi kitu chake kinavyotengenezwa na kufanya kazi, kiasi kwamba fundi mwingine mwenye ujuzi anaweza kukitengeneza akisoma. Jamii nayo inamwachia yeye peke yake faida ya kitu hicho kwa miaka kadhaa. Muda ukiisha, kila mtu yuko huru kukitumia.

Wazo peke yake halilindwi. Ukisema "nataka kutengeneza mashine itakayokausha dagaa hata wakati wa mvua," bado huna uvumbuzi. Uvumbuzi unaanza pale unapoweza kueleza mashine hiyo inafanyaje kazi hiyo.

Masharti matatu

Ili uvumbuzi upewe hataza, lazima uvuke mitihani mitatu.

Wa kwanza ni upya. Kitu hicho kisiwe kimeshajulikana kwa umma kabla ya siku uliyowasilisha maombi. Haijalishi kama hakijawahi kuonekana Sengerema au Ukerewe. Kikiwa kimechapishwa kwenye jarida la India au kwenye hati ya hataza ya Japani, si kipya.

Wa pili ni hatua ya uvumbuzi. Fundi mwenye ujuzi wa kawaida asingeweza kukifikia kirahisi kwa kuunganisha anayoyajua tayari. Kubadilisha mpini wa mbao ukawa wa chuma, kwa kawaida, hakutoshi.

Wa tatu ni matumizi. Kitu kiweze kutengenezwa au kutumika katika viwanda, kilimo, uvuvi au ufundi.

Yapo pia mambo ambayo sheria haiyahesabu kuwa uvumbuzi wa kupewa hataza hata yakiwa mapya: ugunduzi wa jambo lililokuwepo kwenye maumbile, nadharia za sayansi, kanuni za hesabu, mbinu za kuendesha biashara, na njia za kutibu binadamu au mnyama. Aina za mimea na wanyama nazo hazimo.

Ukikionyesha, kimeshajulikana

Mtihani wa upya ndio unaowaangusha wengi, na mara nyingi wanaouangusha ni wavumbuzi wenyewe. Sheria haiulizi tu kama kuna mtu mwingine aliyekitangulia kitu chako. Inauliza kama umma umeshakijua, hata kama wewe ndiye uliyeujulisha.

Tuseme wewe ni fundi wa kuchomelea mwenye karakana Kisesa. Umeona jinsi dagaa wanavyoharibika mvua inaponyesha mfululizo mwaloni, wakiwa wameanikwa mchangani au kwenye vichanja. Umetengeneza kikausha chenye namna mpya ya kuzungusha hewa ya moto. Mwezi wa nane ukakipeleka Nyamhongolo, ukakifungua na kuwaonyesha watu ndani. Mwezi wa kumi na moja ukapeleka maombi ya hataza. Mtu yeyote mwenye picha au video ya mwezi wa nane anaweza kusema kuwa kitu hiki kilikuwa kimeshajulikana, na akasikilizwa.

Maonyesho siyo njia pekee ya kujulisha umma. Kuuza hata kifaa kimoja kunahesabika. Kuweka video mtandaoni kunahesabika. Kuhojiwa redioni na kueleza jinsi kinavyofanya kazi kunahesabika pia. Hata kujaribu aina mpya ya taa ya kuvulia dagaa usiku wa giza, mbele ya mitumbwi mingine, kunaweza kuwa kujulisha umma, kwa kuwa wavuvi wa jirani si watu waliokuahidi kutunza siri.

Zipo nafuu kwa baadhi ya maonyesho yanayotambuliwa rasmi, lakini ni finyu, ni za muda mfupi, na haziko sawa katika kila nchi. Ni salama zaidi kuanza na maombi, kisha maonyesho.

Hii haina maana kwamba usiongee na mtu yeyote. Ukihitaji kumwonyesha mfadhili, mshirika au mwalimu wa chuo, andikianeni kwanza makubaliano ya kutunza siri. Karatasi moja yenye tarehe, majina, maelezo ya kile kinachoonyeshwa na saini za pande zote mbili inatosha kuonyesha kwamba hukukitoa kwa umma.

Madai ndiyo uzio wa shamba lako

Maombi ya hataza yana sehemu kadhaa: fomu ya maombi, maelezo ya uvumbuzi, michoro pale inapohitajika, muhtasari, na madai. Madai ni sentensi zinazosema hasa ni kitu gani unataka kilindwe, na ndiyo sehemu inayobeba uzito wote.

Yafananishe na mipaka ya shamba. Kilichomo ndani ya uzio ni chako, kilicho nje ni cha kila mtu, hata kama umekieleza vizuri kwenye kurasa nyingine.

Turudi kwa fundi wa Kisesa. Akiandika kwamba anadai "kikausha dagaa chenye trei kumi za mbao," jirani atatengeneza chenye trei kumi na moja za waya na kutoka nje ya uzio. Akiandika kwamba anadai "kifaa chochote cha kukausha samaki kwa hewa ya moto," maombi yatakataliwa, kwa sababu vifaa vya namna hiyo vilikuwepo kabla yake. Dai zuri linashika kile hasa kilicho kipya: ile namna ya kuzungusha hewa, bila kuifunga kwenye idadi ya trei wala aina ya mbao.

Kuandika madai ni kazi ya ujuzi. Kama kuna sehemu moja ya kutafuta msaada wa wakili au wakala wa hataza, basi ni hii. Ukishawasilisha, huruhusiwi kuongeza jambo jipya ambalo halikuwemo kwenye maelezo ya mwanzo.

Inadumu kwa muda gani, na wapi?

Kwa sheria ya Tanzania Bara, hataza inadumu miaka 10 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Inaweza kuongezwa miaka 5, kisha mingine 5, ikiwa mwenyewe ataonyesha kwamba uvumbuzi unatumika kweli hapa nchini. Kuna ada ya kila mwaka. Usipoilipa, hataza inakufa kabla ya wakati wake.

Sheria inatoa pia cheti kwa ajili ya uvumbuzi mdogo, ule ambao ni mpya na una manufaa lakini haujafikia kiwango cha juu cha hatua ya uvumbuzi. Kinga yake ni ya muda mfupi kuliko hataza, lakini kwa mafundi wengi wa karakana ndiyo njia inayowafaa. Ukifika BRELA, uliza juu ya njia zote mbili.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba hataza ina mipaka ya nchi. Hataza ya Tanzania Bara haikulindi Kisumu wala Jinja, ingawa maji ya ziwa ni hayo hayo. Hata Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake ya usajili.

Lakini zipo njia mbili za kuvuka mpaka. Ya kwanza ni Mkataba wa Paris, ambao Tanzania imo tangu mwaka 1963. Ukiwasilisha maombi BRELA tarehe 1 Julai, una miezi 12 ya kuomba Kenya, Uganda au nchi nyingine mwanachama na ukahesabiwa tarehe ile ile ya Julai. Mtu akiwahi kuomba Kampala mwezi wa kumi kwa uvumbuzi huo huo, tarehe yako inamshinda.

Ya pili ni Shirika la Kanda ya Afrika la Miliki Ubunifu, ARIPO, lenye makao yake Harare, Zimbabwe. Kwa ombi moja unaweza kuchagua nchi kadhaa wanachama, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania yenyewe. Tanzania iliingia katika utaratibu huo mwaka 1999, na maombi yanaweza kupitia BRELA.

Mipaka hiyo ina faida yake pia. Hati za hataza zinachapishwa na ziko wazi kwa kila mtu. Shirika la Miliki Ubunifu la Dunia, WIPO, lina hazina ya mtandaoni iitwayo PATENTSCOPE ambayo inapekuliwa bila malipo, hata kwa simu. Uvumbuzi ambao muda wake umekwisha, au ambao haukuombewa kinga hapa nchini, fundi wa Mwanza anaweza kuutengeneza na kuuuza hapa nchini bila kumwomba mtu. Kwa hiyo pekua kabla ya kuanza kazi. Huenda ukagundua kuwa mtu ameshatatua tatizo lako, na kwamba suluhisho lake ni huru kwako.

Si kila kitu ni hataza

Watu wengi wanaosema wanataka hataza wanahitaji kitu kingine.

Alama ya biashara au huduma inalinda jina au nembo inayotambulisha bidhaa yako, kwa mfano jina lililo kwenye pakiti ya dagaa, mchele au mafuta ya alizeti. Inasajiliwa BRELA, inadumu miaka 7 ya kwanza, na baada ya hapo inahuishwa kila miaka 10 bila kikomo. Tahadhari: kusajili jina la biashara siyo kusajili alama. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara, lakini hakimzuii mtu mwingine kuweka jina lako kwenye pakiti zake kama alama inavyomzuia. Alama ya ubora ya TBS nayo inahusu viwango vya bidhaa, wala haisemi nani mmiliki wa jina.

Hakimiliki inalinda nyimbo, vitabu, picha, filamu na programu za kompyuta. Inaanza yenyewe pale kazi inaporekodiwa au kuandikwa. Ofisi inayoshughulika nayo ni COSOTA, na kusajili kazi yako huko kunakupa ushahidi siku ya mgogoro.

Mbegu mpya zina sheria yake ya mwaka 2012 inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Hiyo ndiyo inayowahusu watafiti kama wale wa kituo cha Ukiriguru wilayani Misungwi, kinachojulikana kwa mbegu za pamba.

Siri ya biashara ni ile unayoitunza mwenyewe. Kama umegundua mchanganyiko wa viungo ambao mtu hawezi kuujua kwa kuangalia au kuonja, huenda ni bora usiueleze popote. Lakini kama kifaa chako kinaeleweka mara tu mtu anapokifungua, siri haitakusaidia.

Jambo jipya: ombi liseme dawa imetoka wapi

Badiliko kubwa la karibuni katika kanuni za maombi ya hataza duniani linawahusu watu wa vijijini moja kwa moja. Tarehe 24 Mei 2024, nchi wanachama wa WIPO zilipitisha mjini Geneva mkataba kuhusu miliki ubunifu, rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanayoambatana nazo. Mazungumzo yake yalichukua zaidi ya miaka 20.

Mkataba unasema hivi: mtu akiomba hataza ya uvumbuzi unaotokana na mmea, mnyama au kijidudu, lazima aeleze katika ombi lake rasilimali hiyo ni ya nchi gani. Na kama uvumbuzi unatokana na maarifa ya jadi, lazima aitaje jamii iliyompa maarifa hayo.

Sababu yake inaeleweka ukiangalia mwarobaini, mti tunaoujua sote. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza kwa wizara ya kilimo ya Marekani na kampuni moja ya huko, kwa dawa ya ukungu wa mimea iliyotengenezwa kwa mafuta ya mwarobaini. Watetezi wa wakulima wa India walipinga, wakasema wakulima wao wameyajua matumizi hayo tangu zamani. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Kazi yote hiyo ilikuwa ya kuthibitisha kwamba jambo halikuwa jipya.

Karibu zaidi na sisi, vijidudu vilivyochukuliwa katika Ziwa Bogoria nchini Kenya miaka ya 1990 vilitumika kutengeneza vimeng'enya vya sabuni na vya kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai sehemu ya faida.

Utaona kwamba swali ni lile lile la fundi wa Kisesa, ila limegeuzwa. Yeye anahitaji kuthibitisha kwamba kitu chake kilikuwa hakijajulikana. Jamii yenye maarifa ya dawa inahitaji kuthibitisha kwamba kitu chake kilikuwa kinajulikana. Kote kuwili anayeshinda ni mwenye ushahidi wenye tarehe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini mkataba huo usichukuliwe kuwa zaidi ya ulivyo. Unaanza kutumika miezi mitatu baada ya nchi 15 kuuridhia, na unazifunga nchi zilizouridhia tu. Haurudi nyuma kugusa maombi ya zamani. Wala hauamuru mtu alipwe. Unaamuru chanzo kitajwe, ili mwenye haki ajue pa kuanzia. Kwa hiyo mganga anayetembelewa na mtafiti bado anapaswa kuuliza kabla ya kuonyesha mzizi: unatoka taasisi gani, una kibali gani cha utafiti, maarifa haya yatatumikaje, na jamii yetu itapata nini? Majibu yaandikwe, na nakala ibaki kijijini.

Hatua za kufuata

Kama una uvumbuzi, fuata mpangilio huu.

Kwanza, andika kila hatua kwenye daftari: michoro, vipimo, majaribio yaliyofaulu na yaliyoshindwa, na tarehe za kila moja. Daftari halikupi hataza, lakini litakusaidia kuandika maombi na kuonyesha nani alifanya nini, hasa mkiwa wawili au watatu.

Pili, kubalianeni mapema nani ni mmiliki. Kama ulivumbua ukiwa kazini na ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya, haki inaweza kuwa ya mwajiri.

Tatu, pekua kama kitu hicho kimeshakuwepo.

Nne, tafuta ushauri. SIDO inahudumia viwanda vidogo, na COSTECH inahusika na kuendeleza wabunifu. Maofisa biashara wa halmashauri nao wanaweza kukuelekeza BRELA. Kumbuka kueleza tatizo unalotatua bila kufungua siri ya jinsi unavyolitatua, mpaka kuwe na makubaliano ya maandishi.

Tano, wasilisha maombi. Tangu mwaka 2018 BRELA imekuwa ikihamishia huduma zake kwenye mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao, unaopatikana kupitia tovuti ya brela.go.tz. Utahitaji namba yako ya NIDA kufungua akaunti, na malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo. Usimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi ya kukusajilia, na hakikisha jina lililoandikwa kwenye ombi ni lako, siyo la aliyekusaidia kujaza.

Sita, tunza stakabadhi inayoonyesha tarehe ya kuwasilisha. Hiyo siyo hataza bado, kwa kuwa uchunguzi unaweza kuchukua muda mrefu. Lakini tarehe hiyo ikishaandikwa, maonyesho ya kesho hayawezi kutumika kusema uvumbuzi wako ulikuwa wa zamani. Hapo ndipo unaweza kukodi kibanda Nyamhongolo, ukafungua kifaa chako mbele ya watu, na kuwaacha wapige picha wanavyotaka.